Kitabu Kilichoanzia Kulia

Kitabu kilikuwa kimoja na watoto wa darasa walikuwa wengi, kwa hiyo professora Célia alikitoa kwa zamu, kila mtoto alale nacho kwao kisha akirudishe. Zamu ya Zuleica ilipofika alikileta kimefungwa ndani ya kipande cha lona, turubai la msaada, akakiweka mapajani pa bibi yake, Bi Sumaia, aliyekuwa akichagua mawe kwenye mchele wa msaada.

"Professora kasema tukitazame na wakubwa wetu," alisema Zuleica. "Mkubwa asiyejua Kireno atazame picha."

"Mimi nimesoma mpaka terceira, darasa la tatu. Ulimwambia?"

"Nilimwambia."

"Kasemaje?"

"Kacheka."

Bi Sumaia aliweka ungo pembeni, akanawa mikono, akaifuta kwa leso. Walikuwa nyuma ya nyumba ya Sualehe, hapo Palma, katika ua ambao watu waliokimbia vita Mucojo walikuwa wamepewa nafasi ya kujengea vibanda vya makuti na lona. Watoto wa vibanda vingine walipoona rangi za kitabu walisogea. Bi Sumaia alikilaza kitabu mgongo upande wa kulia, kama alivyofundishwa kuilaza juzuu yake chuoni akiwa mtoto, na kama anavyoulaza msahafu mpaka leo. Akafungua. Maandishi ya Kireno aliyasoma silabi kwa silabi, yakamchosha, akayaacha akashika picha.

"Hapa watu wanakunywa maji," alisema. "Mnaona? Mweusi na mweupe, bomba moja. Hakuna anayemsukuma mwenziwe. Huo ndio mwanzo."

"Wazungu nao wanachota bombani?" aliuliza mtoto mmoja. "Wale wa kampuni ya gesi wana maji ya chupa."

"Hawa walikuwa bado hawajapata chupa. Nyamaza usikie."

Akafunua. Barabara ilikuwa imejaa watu weusi, wameshikana mikono, wengine wamebeba mbao zilizopigiliwa kwenye vijiti.

"Vita vimefika," alisema Bi Sumaia. "Wanatoka kwao."

"Mbona wamevaa viatu vizuri?"

"Mtu akikimbia huvaa kile kizuri, kibaya anakiacha. Kwani baba yako wewe hakuja na koti lake la harusi, na jua lile?"

Watoto wakacheka, kwa maana koti lenyewe lilikuwa linaonekana pale pale, limetundikwa mlangoni kuzuia vumbi.

"Na mbao je?"

"Milango yao. Mlango ukiuacha unachomwa."

Ukurasa uliofuata ulikuwa na wanaume wenye mipira mikubwa ya maji, na maji yanawapiga watu, na mbwa wamefungwa kamba. Bi Sumaia aliutazama sana. Akasema nyumba zinaungua, wazima moto wamechelewa, kwa haraka wanamwagia hata wenye nyumba. Na mbwa ni wa watu waliokwisha kuondoka, wanawatafuta. Katikati ya kitabu, palipo na pini, kulikuwa na binti mweusi ameketi juu ya kiti kirefu dukani, mgongo umenyooka, na kijana mweupe anammwagia kitu cheupe kichwani.

"Huyu anagawa msaada," alisema Bi Sumaia. "Lakini anagawa vibaya."

Akaendelea kufunua. Watoto weusi wanachungulia dirisha la shule. Mama anamvuta mwanawe mkono, anamtoa mbele ya bomba. Halafu ukurasa wa mwisho, na hapo hakuna mtu hata mmoja: mabomba mawili tu ukutani, moja jeupe linang'aa, jingine lina kutu, na juu ya kila moja kibao.

"Basi," alisema Bi Sumaia. "Walipofika ugenini wakakuta mabomba mawili."

Watoto waligeuka kutazama nje. Bomba la mtaa lilikuwa nje kidogo ya ua ule, na kila mmoja wao alilijua.

*

Bomba lile lilijengwa kwa michango ya wenye mtaa kabla watu wa Mucojo hawajafika. Ufunguo wake alikuwa nao Mwajuma, mke wa Sualehe. Kwa hiyo palikuwa na safu mbili: safu ya mbele ya wenye mtaa, na safu ya pembeni, kwenye tope, ya deslocados, wakimbizi, ambao huchota wenye mtaa wakishamaliza. Tangi likikauka kabla, basi limekauka. Wakimbizi walijaribu kutoa michango na wao. Wakaambiwa, nyinyi ni watu wa kuondoka kesho, mchango wa nini.

Darasani, chini ya hema lenye matundu, professora Célia aliuliza nani atasimulia kitabu. Zuleica akasimama. Alisimulia kama alivyosikia, na alipofika kwenye milango na koti la harusi watoto wa mtaa walikwisha kulala juu ya madawati kwa kicheko.

Célia hakucheka. Alikuwa ametoka Inhambane, mbali kusini, mwalimu wa kupangiwa, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuokota sokoni. Alimwita Zuleica mbele, akakichukua kitabu, akakigeuza.

"Bibi yako anafungua kama Corão," alisema. "Hapana kosa. Lakini hiki começa aqui. Kinaanza hapa."

Akawaonyesha mabomba mawili, yale ambayo Zuleica aliyajua kuwa mwisho.

"Hawa watu weusi wa América. Zamani, si zamani sana, bibi zenu walikuwa wamezaliwa. Lei, sheria, imesema: weusi hapa, weupe pale. Maji, shule, duka la chakula. Wao wamesema hapana. Huyu amekaa dukani, anamwagiwa sukari, hahami. Wamepigwa, wamefungwa, maji, mbwa. Wametembea njiani, watoto pia. Miaka mingi. Mwisho sheria imeondoka." Akafika kwenye picha ya watu wanakunywa pamoja. "Mwisho ni huu."

"Na milango yao?" aliuliza Zuleica.

"Milango gani?"

"Waliyobeba."

"Si milango. Ni maneno. Wameandika wanataka nini."

"Wanataka nini?"

Célia akainua macho kutoka kitabuni. Nje ya hema zilisikika ndoo na madumu yakigongana bombani. Kila siku alipita pale akienda kazini, akaziona safu mbili, akasema moyoni kwamba yeye ni mgeni na barua yake ya kuomba uhamisho iko Pemba, makao makuu ya jimbo.

"Wote sawa," alisema. "Keti, Zuleica. Umesimulia vizuri. Kitabu kaa nacho siku tatu, mwonyeshe bibi."

*

Kesho yake asubuhi Zuleica alikwenda bombani na dumu lake la njano. Hakwenda pembeni. Aliliweka kwenye safu ya mbele, nyuma ya mwanamke aliyemkuta.

"We mtoto wa Mucojo," alisema Mwajuma, "safu yenu ile."

"Huyu mama nimemkuta, niko nyuma yake. Hawa wengine wamenikuta mimi."

"Nani kakuuliza nani kamkuta nani? Ondoa dumu."

Zuleica akaketi juu ya dumu, akanyoosha mgongo. "Sihami."

"Ehe," alisema mwanamke mmoja. "Watu wa Mucojo wameleta bibi harusi. Mleteeni na poda."

Wengine wakacheka. Ana, aliyeolewa mtaa ule karibuni, alikuwa nyuma ya Zuleica, akainamia ndoo yake. Mwajuma alikuja akalisukuma dumu kwa mguu. Mtoto akayumba, akakaa tena. Mtu akachota maji kwa kiganja akamrushia usoni. Zuleica akafumba macho, akafumbua.

"Utahama au hutahama?"

"Sihami, Bi Mwajuma."

"Unanitajia na jina. Haya, hachoti mtu." Mwajuma akafunga bomba, akatia ufunguo kifuani, akaenda zake. Wanawake walirudi nyumbani na vyombo vitupu, na kila mlango walioupita waliacha neno juu ya watu wa Mucojo.

Jua halijapanda sana Sualehe alikuja uani. Alikuwa mtu wa heshima, na mwenye nyavu, na nyavu zake ndizo alizokuwa akishona Tuaibo, mwana wa Bi Sumaia, ndiye baba yake Zuleica. Tuaibo alipomwona alisimama, akampa kigoda chake, mwenyewe akachutama chini.

"Zuleica," alisema Bi Sumaia, "mletee baba yako mkubwa kata ya maji."

"Hayapo, bibi. Bomba limefungwa."

Sualehe akaitazama mikono yake. Zamani, alipokuwa akienda Mucojo kununua samaki wakavu, alilala nyumbani kwa Bi Sumaia, na maji ya mtungi ule aliyasifu mbele za watu.

"Mama," alisema, "mimi sina neno nawe. Neno ni la mtaa. Wanasema mtoto kamjibu mtu mzima, kazuia maji, kakaa kama shefe, mkubwa wa mtaa. Wanasema ni kitabu cha shule kimemtia kichwa. Sasa wameniambia, Sualehe, watu wako hao, waseme makosa yao bombani, watu wasikie, au uwatoe."

"Waseme nini?" aliuliza Tuaibo.

"Kwamba wamekosa. Na kwamba mtu wa kuja anachota mwisho. Basi. Ni maneno tu."

"Na wasiposema?"

"Ndugu yangu, ua ni wangu, lakini nakaa na watu." Akainuka. "Kesho asubuhi, Mwajuma akifungua. Mimi mwenyewe sipendi, mama. Unanijua."

"Nakujua, baba," alisema Bi Sumaia.

Alipokwisha kutoka, Tuaibo alibaki amechutama vile vile, sindano ya nyavu mkononi.

"Tukitolewa hapa ni kule kambini bara," alisema. "Mahema mistari mistari. Nyavu nitamshonea nani kule? Mama yake huyu yuko Pemba na mtoto mgonjwa, anatazamia kitu kutoka kwangu. Zuleica, unanisikia?"

"Nasikia, baba."

"Utasema?"

Mtoto akainama. "Sitaweza."

"Hutaki au hutaweza?"

"Tuaibo, mwache," alisema Bi Sumaia. Alikuwa amechoka, na uchovu wake haukuwa wa siku ile. "Kitabu nilimfunulia mimi. Nitasema mimi."

*

Walikuwepo wote. Hata wasio na haja ya maji walikuja na chupa tupu ili wapate sababu ya kusimama. Bi Sumaia alivaa leso yake safi. Zuleica alikuwa nyuma yake ameshika pindo.

"Mjukuu wangu amekosa kumjibu mtu mzima," alisema Bi Sumaia. "Amewanyima watu maji siku nzima. Nisameheni, nimemlea mimi."

"Na la pili," sauti moja ilisema.

"La pili." Alisogeza mguu kama mtu anayetafuta mahali pa kukanyaga. "Mtu wa kuja anachota mwisho."

"Hatukusikia huku nyuma."

Akarudia, kwa sauti. Mwajuma, aliyekuwa ameshika ufunguo, aligeuka upesi akaanza kufungua bomba, kana kwamba ameitwa. Watu wakapanga ndoo zao. Wakimbizi wakaenda pembeni kwenye tope. Siku ile tangi lilikauka kabla hawajafikiwa.

Nyumbani Zuleica hakula. Jioni Bi Sumaia alimwita, akakitoa kitabu kwenye lona.

"Kesho kinarudi shule. Nionyeshe njia ya professora."

Zuleica akakigeuza bila kumtazama. Wakaanza na mabomba mawili. Mama akamvuta mwanawe. Watoto wakachungulia dirisha. Walipofika kwenye binti wa kiti kirefu, Zuleica akaweka kidole.

"Huyu hakuhama."

"Naona."

"Wewe umehama, bibi."

Tuaibo, aliyekuwa mlangoni, alitaka kukemea. Bi Sumaia akamzuia kwa mkono.

"Nimehama," alisema. "Nimehama Mucojo, nimehama Macomia, nimehama Pemba kwa shemeji yangu, nimekuja hapa. Miguu yangu imezoea. Baba yako akikosa kazi ile mama yako atapata dawa wapi? Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Zuleica alitokwa na machozi, akayafuta kwa bega.

Bi Sumaia alirudi kwenye picha. Alizihesabu kurasa kuanzia kulia, kisha kuanzia kushoto. "Tazama. Mimi nilianzia huku, nikamkuta huyu. Professora kaanzia huko, kamkuta huyu huyu." Akalainisha ukurasa palipokunjika. "Alikaa siku nyingi?"

"Professora kasema walikuwa wanarudi kila siku."

"Wakikaa walikuwa wanagombana na watu?"

"Hapana. Walikuwa wanakaa tu. Hawajibu."

"Wanakaa tu," alisema Bi Sumaia. Akafunga kitabu, akakizungushia lona yake. "Kula wali wako, unapoa."

*

Asubuhi iliyofuata Mwajuma alipokuja na ufunguo alimkuta Bi Sumaia ameketi kwenye mkeka, karibu na bomba, pale njia ya kuingia ilipo nyembamba. Tasbihi ilikuwa mkononi.

"Bi Sumaia. Shikamoo. Tulisemaje jana?"

"Marahaba, mwanangu. Dumu langu lile pale, pembeni, mwisho kabisa. Mtu wa kuja anachota mwisho."

"Sasa hapa unafanya nini?"

"Nangoja zamu. Tope linaniumiza magoti. Kukaa kumekatazwa?"

Mwajuma akautazama mkeka, kisha lile dumu. Akafungua.

Sasa ikawa kazi. Hakuna mwanamke wa pwani ile awezaye kumpita mtu mzima aliyeketi bila kumwamkia. Kila aliyekuja na ndoo ilimbidi apinde magoti kidogo, aseme shikamoo, aitikiwe marahaba, aulizwe habari ya mume, habari ya mtoto mwenye surua. Kisha achote maji mbele ya macho ya bibi kizee mwenye midomo mikavu, anyanyue, apite tena pale pale. Bi Sumaia aliwaitikia wote. Hakuwa na kinyongo usoni, hakuwa na tabasamu pia. Aliyerusha maji juzi aliamkia akiwa anatazama pembeni. Akaitikiwa sawa na wengine.

"Chota, mwanangu," Bi Sumaia alimwambia. "Chota, yasije yakaisha."

Alifanya hivyo siku ile, na iliyofuata, na nyingine. Tuaibo aliogopa. "Mama, watatutoa." Bi Sumaia akasema, "Nimesema walichotaka niseme. Dumu liko walipotaka liwe. Watanitoa kwa kuamkiwa?" Lakini usiku magoti yalimuuma, na alfajiri akiamka kuswali ilimlazimu kushika nguzo ya kibanda mpaka miguu ikubali.

Sualehe alikuja mwenyewe bombani, akasimama, akaamkia.

"Mama, unataka nini?"

"Nangoja maji, baba. Kama ulivyokuwa unangoja chai kwangu."

Akaondoka bila kuaga. Watu wakaona kwamba hakuaga.

Wa kwanza kushindwa alikuwa Ana. Alijaza ndoo, akafika kwenye mkeka, akasimama. "Bibi, mimi siwezi hivi," alisema kwa sauti ndogo. "Mama yangu akisikia atanilaani." Akaweka ndoo miguuni pa Bi Sumaia.

"Beba, mwanangu. Hiyo ni yako. Langu lile la njano."

Ana akabeba, akaenda analia, na mtaa mzima ukasikia kwa nini. Siku mbili tatu baadaye wanawake wengine walianza kuja mapema sana, kabla Bi Sumaia hajafika. Naye akawa anawahi zaidi. Wengine wakawa wanatuma watoto. Watoto nao wakaamkia, wakauliza, bibi, mbona wewe hupati maji?

Ndipo asubuhi moja Mwajuma alipofunga bomba katikati ya safu, akaenda pembeni kwenye tope, akapita madumu ya watu wa Mucojo na wa Macomia mpaka la mwisho. Akalinyanyua lile la njano. Hakumtazama mtu. Akaliweka chini ya bomba, akafungua, na wote wakasikiliza maji yakigonga chini ya dumu tupu mpaka sauti ikawa nzito.

"Haya, Bi Sumaia," alisema. "Limejaa. Nenda nyumbani sasa ukapumzike, jua linakuja."

Bi Sumaia alilitazama dumu. Kisha akatazama safu ya pembeni, yale madumu mengine matupu, na wenyewe waliosimama kwenye tope wakimtazama yeye.

"Mungu akulipe, mwanangu," alisema. "Zuleica, mpelekee baba yako."

Zuleica akajitwisha dumu akaenda, maji yakimdondokea mabegani. Aliporudi mbio, pumzi juu, alimkuta bibi yake pale pale kwenye mkeka, tasbihi mkononi, na Mwajuma amesimama mbele yake na ufunguo, hafungui, hafungi.

Bi Sumaia akavuta leso, akajisogeza kidogo, mkeka ukapata nafasi.

Zuleica akaketi.